Printa ya Ofisini Inapogoma: Namna ya Kulitafuta Tatizo Mahali Lilipo

Jumatatu moja ya mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea, niliitwa kwenye ofisi ya uhasibu iliyo hatua chache kutoka Mnara wa Saa, Moshi mjini. Umeme ulikuwa umekatika Jumapili usiku na kurudi alfajiri. Mhasibu mkuu, mama wa makamo aliyekuwa na malipo ya mishahara ya kuchapa kabla ya saa sita mchana, alinipokea mlangoni akiwa na wasiwasi mkubwa. "Fundi, hii mashine imekufa," alisema. Nikamjibu, "Pole sana, mama. Tuitazame kwanza."

Mashine haikuwa imekufa. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka na karatasi zilikuwamo kwenye trei. Nilipofungua orodha ya printa katika kompyuta yake nilikuta jina moja limeandikwa mara nne: la kwanza likiwa peke yake, na mengine yakifuatiwa na "Copy 1", "Copy 2" na "Copy 3". Kila aliyejaribu kusaidia asubuhi ile alikuwa ameiweka printa upya, akaandika anwani iliyobandikwa ubavuni mwa printa kwa karatasi na selotepu, yaani 192.168.1.23, na kila mara printa ilikubali kuingia kwenye orodha lakini haikutoa hata ukurasa mmoja.

Hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote katika ofisi za Moshi na Arusha: watu huanza kufuta na kuweka upya kabla ya kujua tatizo liko wapi. Safari ya waraka kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye karatasi ina vituo vinne, yaani kompyuta yenyewe na foleni yake ya kuchapa, anwani ambayo kompyuta inaitumia kuitafuta printa, njia ya mtandao iliyo katikati, na printa yenyewe. Kuweka printa upya hugusa vituo viwili vya kwanza tu, na mara nyingi ugonjwa hauko huko.

Swali la kwanza la kuuliza, kabla hujagusa kitu chochote, ni hili: je, zimegoma kompyuta zote au moja tu? Kama zote haziwezi kuchapa, elekea kwenye printa na mtandao, wala usipoteze muda kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Kama ni moja tu na nyingine zinachapa vizuri, iache printa ipumzike na ukae kwenye kompyuta hiyo.

Kuanzia kwenye printa

Printa nyingi za mtandao zinaweza kuchapa ukurasa wa taarifa zao zenyewe bila msaada wa kompyuta. Katika zenye kioo, ukurasa huo hupatikana kwenye menyu ya mipangilio au ya ripoti. Katika zisizo na kioo, mara nyingi hutolewa kwa kubonyeza kitufe kimoja na kukishikilia kwa sekunde kadhaa, na kitabu cha printa hueleza ni kipi. Ukurasa huu ukitoka safi, umekwisha kujua kwamba tona (wino wa unga), karatasi na mitambo ya ndani ni mizima. Kisha usome mstari wenye anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha printa kwenye mtandao, kwa sababu huo ndio utakaokuongoza katika yote yanayofuata.

Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, ujue printa iliomba anwani kwenye ruta, kifaa kinachogawa mtandao wa ofisi, ikakosa, ikajipa yenyewe anwani ya kubahatisha. Hapo kagua waya wa mtandao: uchomoe na uuchomeke tena pande zote mbili, uangalie kama kitaa kidogo kwenye tundu la swichi (kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao) kinawaka, ujaribu tundu jingine, na ikibidi ubadilishe waya. Ukikuta anwani ya kawaida, ilinganishe na ile ambayo kompyuta inaitumia. Katika Windows, fungua mipangilio ya printa, ingia "Printer properties", kisha sehemu ya "Ports". Tundu lililowekewa alama ya vema ndilo linaloonyesha anwani ambayo kompyuta inapeleka kazi zake.

Kule Moshi ukurasa wa printa ulisema 192.168.1.31, ilhali karatasi iliyobandikwa na kompyuta zote zilisema 192.168.1.23. Tatizo lilikuwa hapo.

Jibu la ping linavyoweza kudanganya

Kijana mmoja wa ofisi ile alikuwa na haki ya kubisha, kwa sababu alikuwa tayari amefungua dirisha la amri (Command Prompt) na kuandika amri ya ping, inayouliza kama kwenye anwani fulani kuna kifaa kinachojibu:

ping 192.168.1.23

na akapata majibu manne mazuri. Kwa akili ya kawaida, anwani inayojibu ni anwani ya printa iliyo hai. Tulichofanya ni kuchomoa waya wa mtandao nyuma ya printa na kuandika amri ileile kwa mara ya pili. Majibu yakaendelea kuja, yote manne. Aliyekuwa anajibu hakuwa printa bali simu ya dada wa mapokezi, ambaye alifika mapema kuliko wote, simu yake ikaingia kwenye Wi-Fi na kupewa anwani ile kabla printa haijawashwa. Jaribio hili la kuchomoa waya halichukui hata dakika moja, na nawasihi msiliruke.

Kuna mtego mwingine katika amri hiyohiyo. Kompyuta ikishindwa kabisa kukifikia kifaa kilicho kwenye mtandao wake, Windows inaweza kuandika "Destination host unreachable" huku ikitaja anwani ya kompyuta yako mwenyewe, kisha chini kabisa ikahesabu kwamba majibu yote yamepokelewa na hakuna kilichopotea. Asiyesoma mistari ya juu hudhani mambo ni shwari. Jibu la kweli hutaja anwani ya printa na huonyesha muda kwa milisekunde.

Kwa nini anwani ilihama? Ruta hukikopesha kila kifaa anwani kwa muda fulani, na ruta nyingi ndogo tunazotumia katika ofisi zetu hupoteza kumbukumbu ya nani alipewa nini pindi umeme unapokatika. Umeme ukirudi, anwani hugawiwa upya kwa wanaowahi kuomba. Ndiyo sababu ofisi nyingi huona printa ikifanya kazi wiki tatu bila tatizo, halafu ikagoma asubuhi ya siku moja bila mtu kuigusa.

Dawa yake ni kuipa printa anwani isiyohama, na njia iliyo bora ni kuitengea anwani hiyo ndani ya ruta. Katika ule ukurasa wa taarifa utaona pia anwani ya MAC, yaani jozi sita za herufi na tarakimu ambazo ni za kifaa hicho peke yake. Ingia kwenye ruta kwa kutumia kivinjari, tafuta sehemu ya DHCP, yaani ile ya kugawa anwani, na humo uiandikishe MAC ya printa pamoja na anwani unayotaka ipewe daima. Kama ruta yako haina sehemu hiyo, andika anwani kwenye printa yenyewe, lakini ichague nje ya kundi ambalo ruta inagawa. Kwa mfano, ruta ikiwa inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200, printa inaweza kupewa 192.168.1.50, mradi hakuna kifaa kingine chenye anwani hiyo. Ukiiandika anwani iliyo ndani ya kundi bila kuieleza ruta, iko siku ruta itampa mtu mwingine anwani hiyohiyo, na mtakuwa mmerudi mlikotoka.

Baada ya hapo, nenda kwenye kila kompyuta, katika "Ports", uongeze tundu la aina ya "Standard TCP/IP Port" lenye anwani mpya, uliwekee alama, halafu ufute yale majina ya ziada. Kama tundu lililokuwapo linaanza na herufi WSD, napendekeza uliache na utumie hilo la TCP/IP, kwa kuwa WSD huitafuta printa yenyewe kwenye mtandao, na mara nyingi nimeikuta ikiipoteza na kuonyesha neno "Offline" wakati printa iko wazi kabisa. Iwapo printa bado inaitwa "Offline" ingawa anwani ni sahihi, fungua "Configure Port" na uondoe alama kwenye "SNMP Status Enabled", ambayo huifanya kompyuta iiulize printa hali yake. Baadhi ya printa hazijibu ulizo hilo ipasavyo, na Windows hulichukulia jambo hilo kama dalili kwamba printa haipo.

Foleni iliyokwama

Kompyuta moja ikigoma peke yake, jambo la kwanza kulishuku ni foleni. Waraka mmoja mbovu, mara nyingi faili zito la PDF au kazi iliyokatishwa katikati, huweza kukaa mbele ya wenzake na kuwazuia wote, na ukijaribu kuufuta unaandika "Deleting" bila kuondoka. Fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, uandike mistari hii mmoja baada ya mwingine:

net stop spooler
del /Q C:\Windows\System32\spool\PRINTERS\*
net start spooler

Mstari wa kwanza husimamisha huduma ya foleni, wa pili hufuta kazi zilizokuwa zinasubiri, na wa tatu huiwasha tena huduma. Folda yenyewe usiifute, futa kilichomo tu. Na kama kompyuta hiyo ndiyo inayochapia wenzake, waambie kwanza, maana kazi zao zitafutika pia.

Ukiwa hapo hakikisha pia kwamba printa sahihi ndiyo iliyochaguliwa kuwa ya kawaida. Windows 10 na 11 zina mpangilio unaoibadilisha printa ya kawaida kulingana na ile uliyoitumia mwisho, na ofisi yenye printa mbili husumbuka sana kwa sababu hiyo. Uzime.

Printa inayopitia kompyuta ya mtu

Ofisi nyingi ndogo, hasa zile za utalii pale Arusha katika Barabara ya Sokoine na vichochoro vyake, zina printa iliyounganishwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya mtu mmoja, nayo ikashirikiwa na wengine. Mpangilio huu una udhaifu mwingi. Kompyuta hiyo ikilala, wote wamekwama. Mtandao wake ukiwekwa katika hali ya "Public" badala ya "Private", Windows huzuia wengine wasiifikie. Tena baada ya kasoro kubwa ya usalama iliyogunduliwa katika huduma ya foleni mwaka 2021, ile iliyopewa jina la PrintNightmare, Microsoft ilikaza masharti: kuweka draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa, kutoka kwenye kompyuta nyingine kukahitaji haki za msimamizi, na masasisho ya Septemba mwaka huo yakaleta kosa la 0x0000011b katika ofisi nyingi.

Mtu atakuja kukwambia kwamba dawa ya kosa hilo ni kubadilisha namba moja katika rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake ya ndani. Ni kweli kosa huondoka, lakini unakuwa umeuvunja ukuta uliojengwa kuzuia wezi. Mimi sifanyi hivyo kwa mteja. Kama printa ina tundu la mtandao, ichomeke kwenye swichi na kila kompyuta iichapie moja kwa moja. Kama haina, hakikisha kompyuta zote zina masasisho ya karibuni kabla ya kufikiria lolote lingine.

Kwa printa za Wi-Fi nitasema machache. Nyingi hukamata masafa ya GHz 2.4 peke yake, kwa hiyo ruta inayotangaza GHz 5 tu hazitaiona. Nenosiri la Wi-Fi likibadilishwa, printa haitajua mpaka uiandikie jipya. Na kompyuta iliyounganishwa kwenye mtandao wa wageni kwa kawaida hutengwa na vifaa vya ofisi, hata kama intaneti inafanya kazi vizuri.

Kuhusu umeme, naomba jambo hili lizingatiwe kwa sababu limeharibu vifaa vingi. Usiichomeke printa ya leza kwenye UPS ndogo ya kompyuta, ile betri ya akiba ya wakati umeme unapokatika. Sehemu inayoyeyushia tona huhitaji joto kali, na inapowaka huvuta wati mamia kadhaa, pengine zaidi ya 1,000, kwa kishindo kimoja, jambo ambalo UPS ndogo haiwezi kulibeba. Kwenye UPS weka ruta na swichi, ambazo hula umeme kidogo, na ruta ndiyo inayotunza anwani. Umeme ukirudi baada ya kukatika, washa ruta kwanza, usubiri dakika mbili, kisha swichi, kisha printa, na kompyuta ziwe za mwisho.

Limebaki moja dogo. Printa ikipokea kazi, ikatulia, na kuwasha taa ya kuomba karatasi wakati trei imejaa, angalia ukubwa wa karatasi uliochaguliwa kwenye kompyuta. Draiva nyingi huja zikiwa zimewekwa "Letter", ambayo ni saizi ya Marekani, na printa husubiri karatasi hiyo ambayo hapa kwetu ni nadra kuipata dukani. Chagua A4 katika mipangilio ya printa na pia ndani ya programu unayochapia.

Kule Moshi tulimaliza saa tano kasoro. Printa ilitengewa 192.168.1.50 kwenye ruta, majina matatu ya ziada yakafutwa, na mishahara ikatoka. Mama mhasibu aliibandua ile karatasi ya zamani kwa kucha, akaandika mpya kwa kalamu nzito: anwani, MAC, na tarehe ya siku ile.