Gari likianza kula mafuta

Usikimbilie kununua plagi. Pima kwanza: jaza tenki mpaka pampu ikate, andika kilomita, endesha, kisha jaza tena sheli ileile. Gawanya kilomita ulizoendesha kwa lita ulizojaza mara ya pili. Langu, Moshi hadi Arusha na kurudi, lilishuka kutoka 14 hadi 10.

Upepo wa matairi ulikuwa sawa. Kichujio cha hewa kilijaa vumbi la njia ya shambani. Nikaweka kipya, ulaji ukapungua kiduchu tu. Nilipofika nyumbani nikasogeza kiganja karibu na rimu (usiiguse!). Ya mbele kushoto ilifuka joto, nyingine vuguvugu. Tega jiwe, weka gia huru, piga jeki, zungusha tairi kwa mkono. Langu liligoma: breki ilikuwa inashika. Fundi akasafisha pini za breki zenye kutu, akazipaka grisi maalumu ya pini hizo. Sasa napata 13.