Somo: Bwawa la zamani linakarabatiwa. Toa maoni yatakayoingia kwenye leseni

Bwawa la Sasumua kule Kinangop lilijengwa miaka ya 1950. Mvua ya 2003 ikabomoa njia ya kumwagia maji ya ziada, Nairobi ikapungukiwa na maji, na ukarabati ukawa hauna budi. Kindaruma ni la 1968, Kamburu la 1974, Masinga la 1981, mbali na malambo mengi ya mashamba makubwa yaliyochimbwa enzi za walowezi. Haya yote yanazeeka, na siku ukarabati ukifika kwenu mtaitwa barazani. Wengi huenda, huuliza vijana wataajiriwa wangapi, hunywa soda, wakarudi nyumbani. Ajira ni jambo la haki kuuliza, lakini halitakulinda mwanakandarasi akianza kumwaga tope mtoni.

Hatua ya 1: Jua mradi uko daraja gani

Tangu 2019 miradi hupangwa kwa kiwango cha hatari: chini, kati na juu. Mdogo waweza kupita kwa ripoti fupi, ambayo hutaiona gazetini. Mkubwa hudai utafiti kamili wa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya EMCA, yaani sheria ya usimamizi wa mazingira ya 1999. Nenda ofisi ya kaunti yako ya NEMA, mamlaka ya mazingira inayotoa leseni hiyo, uulize, ukiwa na jina la bwawa na la mto.

Hatua ya 2: Vizia tangazo

Ripoti kamili ikishawasilishwa, NEMA hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali, magazetini na redioni. Kwa kawaida umma hupewa siku 30 kutoka siku ya tangazo. Ripoti yenyewe huwekwa makao makuu ya NEMA na ofisi ya kaunti, na una haki ya kuisoma saa za kazi. Piga picha kurasa unazozihitaji, maana kuna nakala zenye kurasa mia kadhaa.

Hatua ya 3: Soma ukianzia nyuma

Hapa ndipo penye kazi. Sura za mwanzo zitakusimulia historia ya kaunti na aina za ndege. Zipite kwanza. Nenda kwenye jedwali la mpango wa usimamizi wa mazingira, lile linaloonyesha athari, hatua ya kuizuia, mhusika na gharama. Ukikuta safu ya gharama iko wazi, hiyo tayari ni hoja ya kwanza. Kisha tafuta majibu ya haya:

Maji yatashushwa kiasi gani wakati wa kazi, na kwa miezi gani? Yakishushwa kiangazi, ng'ombe watanyweshwa wapi?

Tope litakalozolewa litatupwa wapi? Ripoti ikisema tu "mahali panapofaa", usikubali. Likilundikwa ukingoni, mvua ya kwanza italirudisha bwawani au italishusha kwa majirani wa chini. Kama kuna mashamba yaliyotumia dawa miaka mingi huko juu, uliza tope limepimwa maabara au la.

Walioko chini ya bwawa wataachiwa maji kiasi gani kila siku?

Udongo na mawe ya kuimarisha tuta vitachimbwa shamba la nani, na mashimo yatafukiwa na nani?

Na hili husahaulika sana: je, kimo cha maji kitarudi pale pale au kitapanda? KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, iliwahi kutangaza mpango wa kuinua Masinga kwa mita 1.5. Kwenye ardhi tambarare kimo kama hicho kinaweza kumeza mashamba, kwa hiyo hapo tunazungumza fidia. Tusidanganywe na neno "ukarabati".

Hatua ya 4: Andika

Kurasa mbili zatosha. Taja mradi, ukurasa wa ripoti, tatizo na sharti unalotaka. "Tunapinga uchafuzi" haina mahali pa kushikwa. Andika hivi: "Ukurasa wa 112 hautaji mahali pa kutupa tope. Tunaomba leseni imtake mwenye mradi aonyeshe eneo hilo kwenye ramani, nje ya ukingo wa mto, kabla ya kazi kuanza." Afisa akiipata sentensi kama hiyo ana kitu cha kunakili kwenye masharti. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sisi tulishasaini karatasi kwenye baraza la chifu. Si hayo ndiyo maoni?*

Ile ni orodha ya mahudhurio, ndugu yangu. Kanuni za 2003 za tathmini ya athari kwa mazingira zinamtaka mwenye mradi afanye angalau mikutano mitatu na waathiriwa, na sahihi zenu huambatishwa kama ushahidi kwamba mlikuwepo. Mlichosema ni habari nyingine. Fungua viambatisho usome kumbukumbu za mkutano, na kama zimepotoshwa, iseme hiyo kwenye barua yako.

*Nyanya yangu ndiye anayelima karibu na maji, na hajui kuandika.*

Maoni ya mdomo yanakubaliwa kisheria. Mpeleke ofisi ya kaunti, yaandikwe mbele yenu, asomewe kabla ya kuweka kidole.

*Bwawa la kwetu ni la mtu binafsi na lilijengwa kabla ya sheria hizi. Tuna nguvu gani?*

Mnayo. Miradi iliyotangulia sheria hudaiwa ukaguzi wa mazingira, na umiliki binafsi haumwepushi mtu. Bwawa la Patel kule Solai lilikuwa la shamba binafsi. Lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40. Mkiona mvujo kwenye tuta, nyufa, au miti mikubwa imeota juu yake, andikieni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, na nakala kwa NEMA. Ombeni kujua kibali kipo au hakipo na mhandisi alilikagua lini. Wekeni picha zenye tarehe.

*Leseni imetoka na hoja zetu hazimo hata moja.*

Omba nakala ya leseni pamoja na masharti yake uhakikishe kwanza. Kama ni kweli, kata rufaa katika Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60. Ile barua yenye muhuri iambatishe.