Picha za tensa: usizivunje vipande sita

Picha ya simu kila pikseli ina namba tatu za rangi, basi. Hii ya tensa ni ingine, chukua MRI ya difyusheni ya ubongo (ile inayopima maji yanavyosambaa), kila vokseli, yaani pikseli ya 3D, imebeba jedwali zima la namba 3×3 (matriksi), hiyo ndiyo tensa, na kwa vile ni simetriki, pande mbili za mshazari zinafanana, namba zenye kujitegemea ni 6. Sasa watu wakiona 6 wanafungua picha sita za kijivu wanazikodolea macho mpaka stima ipotee. Usianze hivyo.

Fikiria miwa pale Kibos mvua ikipiga: maji yanateleza kufuata mistari, kuvuka mstari ndio shida. Tensa inasema hivyo tu, maji ya ubongo yanasambaa kiasi gani kila upande.

Kupata hizo 6 unahitaji angalau pande 6 za gradienti (sumaku ya MRI ikipima usambaaji upande mmoja mmoja) na picha moja bila gradienti, ingawa 30 ni afadhali sana. Ingiza kwa DIPY, maktaba ya Python ya bure, ifanye fiti ya tensa, halafu toa thamani tatu za aigeni (kiasi cha kusambaa kwa pande tatu kuu) na vekta zake (pande zenyewe). Zote tatu zikikaribiana umbo ni chungwa, mbili kubwa ni chapati, moja kubwa ni muwa. FA (fractional anisotropy, kipimo cha umbo kuvutika upande mmoja) inakupa hiyo kwa namba moja, 0 ni chungwa, ikikaribia 1 ni muwa.

Rangi inaonyesha muwa umelala upande gani: nyekundu kushoto-kulia, kijani mbele-nyuma, bluu juu-chini. Angalia korpasi kalosamu, daraja la nyuzi linalounga nusu mbili za ubongo, hapo katikati lazima iwe nyekundu, ikiwa kijani umebadilisha x na y. Lakini ishara ya mhimili ikigeuka (mimi nilikaa wiki nzima na hii) FA iko sawa na rangi pia iko sawa, inakudanganya vizuri kabisa! Ndio maana nachora vijiumbo vyenyewe, kayai kamoja kwa kila tensa, juu ya picha, ukiona vimelala kinyume na nyuzi unajua.

Pahali watu huumia ni wastani, yaani ukilainisha au ukizungusha picha. Chukua tensa mbili zenye thamani za aigeni 1.7, 0.3, 0.3, moja imelala x ingine y. Wastani wa kawaida unatoa 1.0, 1.0, 0.3, na ditaminanti (thamani tatu zikizidishwa, ukubwa wa kijiumbo) imeruka kutoka 0.153 hadi 0.3, yani kijiumbo kimevimba na hakuna mtu amekipuliza! Chukua logi ya matriksi kwanza (logi ya zile thamani za aigeni, vekta zikibaki), fanya wastani, rudisha kwa eksponenti, utapata 0.714, 0.714, 0.3 na ditaminanti inabaki 0.153.

Kama wewe uko Nakuru na kazi yako ni msongo wa miamba (nguvu zinazoibana au kuivuta, nayo ni tensa) huko kwa volkano ya Menengai, hesabu ya aigeni ni ile ile ila hiyo logi iache, thamani za msongo zinaweza kuwa hasi na kompyuta itakutupia nan ("si namba") skrini nzima. Wastani wa kawaida unatosha hapo, na badala ya kijiumbo cha yai chora mishale, ya kusukuma rangi moja, ya kuvuta rangi ingine.