Somo: Hatua za Masomo Hadi Leseni ya Udaktari

Wengi wanaoulizia udaktari huhesabu miaka ya chuo peke yake. Ni vyema ieleweke mapema kwamba shahada huthibitisha kuwa umesoma, ilhali ruhusa ya kutibu hutolewa na baraza la madaktari la nchi au jimbo husika, tena baada ya kipindi cha kazi chini ya usimamizi.

Hatua ya kwanza ni msingi wa sayansi, hasa biolojia na kemia. Katika nchi nyingi, Uingereza ikiwemo, mwanafunzi hutoka sekondari na kuingia moja kwa moja kwenye shahada ya udaktari ya miaka 5 au 6. Nchini Marekani humaliza kwanza shahada nyingine, kwa kawaida ya miaka 4, hufanya MCAT, yaani mtihani wa kuombea nafasi ya udaktari, kisha husoma udaktari kwa miaka 4.

Hatua ya pili ni chuo chenyewe: anatomia (muundo wa mwili), fiziolojia (utendaji wake) na biokemia (kemia yake), kisha patholojia (magonjwa) na famakolojia (dawa), na baadaye wodini. Kabla ya kulipa ada, liulize baraza la nchi unakokusudia kufanya kazi kama linakitambua chuo hicho. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kosa lake hugunduliwa miaka imekwisha kupita.

Hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kiini cha safari yote, ni utarajali, yaani kile kipindi cha kazi chini ya usimamizi. Daktari mtarajali huzunguka idara kama magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Asubuhi husimama kando ya kitanda na kumweleza daktari bingwa historia ya mgonjwa, alichokiona alipompima na anachopendekeza. Akikokotoa dozi ya mtoto kwa kilo za uzito wake, mkubwa wake huipitia hesabu hiyo, kwa maana nukta moja ya desimali ikikosewa dozi huweza kuwa mara kumi.

Hatua ya nne ni mtihani wa leseni, pale unapotakiwa, na usajili. Mtihani wa Marekani, USMLE, una ngazi 3. Ubingwa hufuata kwa anayeutaka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shahada yangu ya kwanza ni ya historia. Je, mlango umefungwa?*
Haujafungwa. Vyuo vya Marekani hupokea wahitimu wa fani yoyote, mradi wawe wamesoma masomo ya sayansi yanayotakiwa, pamoja na maabara zake. Kwingineko angalia masharti ya chuo husika.

*Nikipata leseni nchi moja, naweza kutibu nchi nyingine?*
Kwa kawaida huwezi mpaka usajiliwe huko, vyeti vyako vihakikiwe na, mara nyingi, ufanye mtihani wao. Omba nakala rasmi za matokeo ungali chuoni. Kuzifuatilia ukiwa mbali huchosha.

*Mtarajali asiporidhisha katika idara moja, hurudia mwaka mzima?*
Mara nyingi huongezewa muda katika idara ileile, na usajili kamili husubiri hadi msimamizi wake atakapotia saini.