Picha ya zamani iliyoganda kwenye kioo

Ile picha ya familia ya tangu utotoni, bibi kaketi katikati na watoto mmechuchumaa mbele, ikigandana na kioo cha fremu, tafadhali usiibandue. Unyevu, hasa huku pwani, hulainisha utando wa jelatini uliobeba taswira. Ukivuta, sura zinabaki kwenye kioo. Yangu niliivuta, nikampoteza babu kuanzia kidevuni. Ipige kwa simu hivyo hivyo ikiwa ndani ya fremu, karibu na dirisha, bila flashi, na mtu ashike kaniki nyuma yako ili kioo kisiakisi.

Ambazo hazijaganda, weka ukanda mwembamba wa karatasi ya manila pembeni zisiguse kioo. Majina yaandike nyuma kwa penseli laini, wazee wangali wanayakumbuka.