Namna ya Kufuatilia Ishara ya Kemikali Ndani ya Seli

Anayetaka kuelewa jinsi seli inavyopokea ishara ya kemikali na achague ishara moja na seli moja, kisha aifuate tangu inapofika hadi inapozimwa, akiichora kila hatua kwa mshale. Adrenalini, homoni ya mwili wakati wa hofu au mshtuko, inapofika kwenye seli ya ini ni mfano mzuri, kwa kuwa njia yake imechunguzwa kwa miaka mingi.

Jiulize kwanza kama molekuli hiyo hupenya utando wa seli. Estrojeni na testosteroni huyeyuka katika mafuta, hivyo hupenya na kukutana ndani na vipokezi vyake, yaani protini zinazoitambua ishara. Adrenalini haipenyi, bali hushikamana na kipokezi kilichopachikwa katika utando. Seli isiyo na kipokezi chake haiitikii, hata homoni ikijaa tele katika damu.

Kisha tafuta mjumbe wa ndani, yaani molekuli inayoibeba ishara ndani ya seli. Kipokezi kikishapata adrenalini hubadili umbo na kuiamsha protini G, swichi iliyo upande wa ndani wa utando. Protini hiyo huachia GDP (molekuli ndogo inayoiweka katika hali ya kuzimwa), huchukua GTP (inayoiwasha), na kukichochea kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mmenyuko wa kemikali, kinachogeuza ATP, molekuli ya nishati ya seli, kuwa AMP ya mzunguko, ambayo ndiyo mjumbe wa ndani. Mwanasayansi Earl Sutherland, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1971, alizisaga seli za ini akaona kwamba vipande vya utando vikiondolewa adrenalini haifanyi kazi, na vikirudishwa kazi yake hurejea. Chora mishale yako kwa uangalifu hapa, maana ishara hukuzwa: kimeng'enya kimoja hutengeneza molekuli nyingi za AMP ya mzunguko, nazo huamsha vimeng'enya vinavyoamshana kwa kupachikana fosfati, mpaka glaikojeni, akiba ya sukari ya ini, inavunjwa na glukosi inamiminika katika damu.

Usiishie hapo. Wanafunzi wengi huruka hatua ya kuzima, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye mafunzo zaidi. Protini G huikata GTP iliyoishika na hivyo kujizima yenyewe, huku kimeng'enya kingine kikiivunja AMP ya mzunguko (kafeini hukizuia kimeng'enya hicho, ingawa kwa kipimo kikubwa kuliko cha kikombe cha kahawa). Sumu ya bakteria wa kipindupindu huifanya protini G ya seli za utumbo ishindwe kujizima. AMP ya mzunguko hurundikana, kloridi humwagika ndani ya utumbo, maji huifuata, na mgonjwa huharisha mfululizo. Jaribu kuueleza ugonjwa huo kwa mchoro wako, nawe utaona mara moja ni mshale upi uliousahau.