Jinsi ya Kusimulia Upya Hadithi ya Ulaya Hadi Mtoto wa Dar Acheke

Kumtoa mfalme kwenye jumba lake huko Ulaya na kumleta Kariakoo ni kazi ya dakika moja. Unabadilisha majina, unapitisha daladala, umemaliza. Lakini mtoto atatabasamu ukurasa wa kwanza, na wa pili ataanza kuchungulia dirishani. Anacheka kweli pale jambo analolijua la mtaani kwake linapoingia kwenye hadithi na kuwavurugia wahusika mipango. Nitakuonyesha ninavyofanya kwa hadithi moja, ile ya mfalme aliyetembea bila nguo: matapeli wawili walimdanganya kwamba wanamshonea vazi la kitambaa cha ajabu, kila mtu akajifanya analiona, mpaka mtoto mmoja akapaza sauti kwamba hajavaa kitu.

Hatua ya 1: Chagua hadithi iliyo huru

Hii ilichapishwa na Hans Christian Andersen wa Denmark mwaka 1837. Mwenyewe alifariki 1875, hivyo hakuna wa kukudai. Tafsiri za karibuni, michoro na filamu zina wenyewe. Soma, funga kitabu, kisha simulia kwa maneno yako.

Wala usione haya kubadilisha. Andersen naye aliitoa kwenye hadithi ya Hispania ya karne ya 14, iliyoandikwa na Juan Manuel. Humo, kitambaa hakionekani kwa mtu ambaye si mtoto halali wa baba yake. Andersen aliliondoa sharti hilo, akasema hakionekani kwa mjinga au kwa asiyefaa kwenye cheo chake. Kwa badiliko hilo, hadithi ikafaa watoto.

Hatua ya 2: Tafuta kicheko kinatoka wapi

Kiandike kwa sentensi moja. Yangu ni hii: *Hakuna anayeona kitu, na kila mmoja anaogopa kusema haoni.* Mwondoe mfalme, kicheko bado kipo. Ondoa woga, hakuna hadithi. Basi woga usiuguse. Vingine vyote ni ruksa.

Hatua ya 3: Hamisha hadithi, kisha uache mji ufanye kazi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mfalme wangu ni Mzee Mapambo, tajiri wa Kariakoo anayependa mavazi kuliko chakula. Anamwoza binti yake, na anataka joho ambalo halijawahi kuonekana Dar es Salaam nzima. Wanakuja mafundi wawili na cherehani.

Sasa jiulize: watu wa hapa wakishika kitambaa kipya, macho yanakwenda wapi? Kwenye kanga, yanakwenda kwenye jina, yaani ule msemo ulioandikwa juu yake. Basi mafundi wangu wanadai joho lao lina jina pindoni, na wenye akili tu ndio wanaolisoma. Tazama uongo ulivyonona: haitoshi tena kusema "nimeona", lazima mtu aseme limeandikwaje. Katika hadithi ya Andersen, mfalme anatuma wakubwa wawili kabla ya kwenda mwenyewe. Nimewabakiza, kwa sababu masikio ya mtoto hupenda jambo lirudiwe mara tatu:

> Katibu akakodoa macho. Hakuona uzi. "Limeandikwa… *Wema hauozi*," akasema, akatoka mbio.
>
> Akaja Shangazi. Akavaa miwani, akavua miwani. "*Mgeni njoo, mwenyeji apone*. Herufi nzuri kweli!"
>
> Mzee Mapambo akaingia mwenyewe. Akatazama meza tupu. Akakumbuka ya Katibu, akakumbuka ya Shangazi. Akakohoa.
>
> "*Wema hauozi, mgeni njoo, mwenyeji apone*," akasoma. "Mafundi! Mbona jina refu hivi?"

Maandamano ya mfalme nayo yamekuwa msafara wa harusi: Mzee kasimama nyuma ya pikapu, matarumbeta mbele, kutoka Kariakoo kupitia Faya kwenda Magomeni. Kule kwa Andersen maandamano yanatembea. Hapa foleni inayashika Barabara ya Morogoro, na kituo cha mabasi ya mwendokasi kiko palepale, kimejaa watu wasio na kazi nyingine ila kutazama. Mtoto wa kupiga kelele nimempata hapo kituoni, amebebwa mgongoni.

Hatua ya 4: Angalia nani anachekwa

Mcheke mwenye cheo anayeogopa kuonekana mjinga. Usimcheke mwenye kigugumizi, mnene au maskini. Kwa sababu hiyohiyo sipendi kumfanya mama wa kambo kuwa shetani kila mara, maana kuna watoto wengi wanaolelewa vizuri na mama wa kambo, nao wanasikiliza. Na Mzee Mapambo mbele ya kadamnasi nimemwachia bukta na singlendi. Bukta ina viraka, na viraka kwa tajiri vinachekesha kuliko uchi.

Hatua ya 5: Mpe mtoto asome kwa sauti

Usisome wewe. Ukisoma wewe, sauti yako itaokoa sentensi mbovu. Mpe mtoto wa darasa la nne, wenzake wakae kumzunguka, wewe shika penseli. Anapokwama, sentensi ni ndefu: ikate. Wanapocheka, weka alama na usipaguse tena. Wakiuliza "kwani kwa nini hakusema?", wameshika woga uliouandika hatua ya pili. Ukiona unalazimika kueleza kichekesho, kifute.

Hatua ya 6: Maliza mapema

Mtoto akishapaza sauti "Mbona babu amevaa bukta?", zimebaki sentensi chache tu. Kwa Andersen, mfalme anazidi kutembea kwa madaha na watumishi wanazidi kubeba pindo lisilokuwepo. Mimi nimeacha foleni iachie, matarumbeta yapige, na Shangazi aendelee kulishika pindo lisiburuzike. Usiongeze "hadithi hii inatufundisha".

Ukurasa wa mwisho nachora joho tupu lenye pindo pana, na chini yake naandika: *Wewe umesoma nini?* Acha nafasi ya kutosha, watoto huandika majina marefu.